Samaki Si Fagio

Kuna neno moja lililoenea katika maduka ya samaki wa mapambo, nalo limewaponza viumbe wengi wasio na hatia. Neno lenyewe ni "msafishaji". Ingia dukani, uliza habari za yule samaki mwembamba mwenye sharubu, aliyejikunyata peke yake nyuma ya bomba la pampu, nawe utajibiwa bila kusita: huyo ni msafishaji, mchukue mmoja tu, atakulia makombo yote, tangi litang'aa. Mnunuzi anafurahi. Analipa, anapewa mfuko wenye maji na samaki wake, anakwenda zake akiamini kwamba amenunua fagio lenye uhai.

Mimi nafuga samaki hao kwa miaka mingi sasa, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuyajibu kwa maandishi, maana ukibishana na muuza duka mbele ya wateja wake unaonekana mtu mwenye ugomvi. Ndugu msomaji, hapa hakuna mteja wa kuharibiwa. Tuseme ukweli.

Samaki ninayemzungumzia hana jina katika Kiswahili, kwa kuwa si wa maji yetu. Wafugaji humwita lochi, nami nitafuata mazoea hayo. Ukimtazama kwa haraka utadhani ni mtoto wa kambare kwa ajili ya zile sharubu, lakini undugu wake uko karibu zaidi na ningu wa Ziwa Victoria kuliko kambare. Aina zake ni nyingi mno, na karibu zote ni za Asia na Ulaya. Afrika, ukiacha ile pembe ya kaskazini kule Moroko, lochi wanajulikana Ethiopia: mwaka 1902 mtaalamu George Boulenger alimweleza mmoja kutoka Ziwa Tana, na jamaa zake wamepatikana pia katika bonde la mto Omo, ule unaomwaga maji yake katika Ziwa Turkana. Kwa hiyo si mgeni kabisa barani kwetu, ingawa hao wanaouzwa madukani hawatoki Ethiopia. Wanatoka mbali zaidi, Thailand, Malaysia na visiwa vya Indonesia.

Anayeonekana zaidi katika matangi ya hapa ni lochi wa kuhli, mwembamba kama kamba ya kiatu, mwenye mistari ya kahawia na njano, asiyezidi urefu wa kidole kirefu cha mtu mzima. Jina lake linamkumbuka Heinrich Kuhl, kijana Mjerumani aliyetumwa kisiwani Java kukusanya wanyama, akafariki huko mwaka 1821 akiwa na umri wa miaka 23, kabla hajamaliza hata mwaka mmoja kisiwani. Samaki yule alikuja kuelezwa rasmi mwaka 1846. Nayataja haya kwa sababu nashangaa: mtu alipoteza maisha akiwatafuta viumbe wa nchi ile ili wajulikane, na sisi tunamjua samaki aliyepewa jina lake kama kitu cha kulia makombo.

Sasa tuje kwenye uongo wenyewe.

Hakuna samaki anayesafisha tangi. Hayupo, hajazaliwa. Kila samaki anakula, na kila anayekula anatoa uchafu. Lochi akiokota punje ya chakula iliyoanguka mchangani, punje ile haijaondoka katika maji. Imepita tumboni mwake na itatoka upande wa pili, na mkojo wake na pumzi yake vitaongeza amonia ileile inayoua samaki. Kinachoibadilisha amonia kuwa naitraiti, kisha naitraiti kuwa naitreti isiyo na ukali, ni bakteria wanaoishi katika chujio na mchangani. Na kinachoitoa ile naitreti ni mkono wako wewe, ndoo, na mpira wa kufyonzea maji, kila wiki robo ya tangi. Ukiongeza lochi, umeongeza mchafuzi mmoja. Mchafuzi mdogo, mpole na wa kupendeza, lakini mchafuzi. Eti atakupunguzia kazi! Ni sawasawa na mtu mwenye sahani nyingi za kuosha kuamua kualika mgeni mmoja zaidi, kwa hoja kwamba mgeni atakula kilichobaki.

Wapo watakaosema: lakini anakula konokono. Hapa inafaa tutofautishe. Wapo lochi wanaokula konokono, tena kwa ufundi mkubwa, wakimnyonya kutoka katika gamba lake. Lochi wa kuhli si mmoja wa mafundi hao. Mdomo wake mdogo unapekua mchanga kutafuta vijidudu na viluwiluwi. Na hata kwa wale mafundi, swali la kwanza ni kwa nini konokono wamejaa. Wamejaa kwa sababu mwenye tangi anamwaga chakula kana kwamba analisha bata. Punguza chakula, na konokono watapungua wenyewe bila kumwajiri mtu.

Nimetumia neno "kumwajiri" makusudi, kwa maana linalonikera zaidi katika jambo hili ni lugha. Sikiliza tena maneno ya dukani: mmoja anatosha, hahitaji chakula chake, atakula watakachoacha wenzake, hana makuu, atajibanza popote. Umewahi kuyasikia maneno haya mahali pengine? Mimi nimeyasikia sebuleni. Ndivyo watu wenye heshima zao wanavyomzungumzia msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini: mmoja anatosha kwa nyumba nzima, atakula ukoko baada ya watoto kushiba, atalala jikoni, si mtu wa makuu. Simlinganishi binadamu na samaki, Mungu anilinde. Nalinganisha ulimi. Ulimi uliozoea kusema "huyu yupo kwa ajili ya makombo" hauchagui wa kumsemea, na mtoto anayesimama mbele ya kioo akifundishwa kwamba wale wekundu ni samaki wa kutazamwa na yule wa chini ni samaki wa kazi, anafundishwa jambo kubwa kuliko ufugaji.

Na ni uongo hata kwa hesabu za tumbo tu. Katika tangi la mchanganyiko, lile lenye aina nyingi pamoja, chakula kinachoelea huliwa juu na wenye mbio. Kinachofika chini ni kidogo, nacho kinafika mchana, wakati lochi wa kuhli hutoka hasa jioni taa zikizimwa. Lochi anayetegemea makombo anakonda taratibu, mgongo unachongoka kama kisu, tumbo linaingia ndani, na kwa kuwa anajificha hakuna anayemwona akikonda. Siku moja anakosekana, basi. Mwenye tangi hajui hata amekufa lini. Dawa yake si ya kisayansi sana: zima taa, subiri nusu saa, tia chakula kinachozama. Viluwiluwi vya mbu, ambavyo hapa Pwani havinunuliwi, ni karamu kwao.

Nije kwenye hilo la "mmoja anatosha". Lochi wadogo ni samaki wa kundi. Si kundi la kuogelea kwa pamoja kama dagaa, ingawa wapo wanaofanya hivyo. Ni kundi la kulala pamoja, kugusana, kupangana chini ya gogo moja kama watoto wa baridi katika shuka moja. Ukiwa nao sita au zaidi utawaona wanatoka hata mchana, wanapekua mchanga bega kwa bega, wanapanda kioo na kushuka kwa mchezo. Ukiwa na mmoja, utaona mkia. Ndiyo maana wengi wanaamini kwamba lochi ni samaki mwoga asiyeonekana. Mwoga ni yule aliyetengwa. Kiumbe ambaye maumbile yamemfundisha kwamba usalama ni wenzake, ukamtoa wenzake wote na kumweka katika nuru kali pamoja na samaki wanaomzidi ukubwa, ungetaka afanye nini kama si kujichimbia?

Nimebishiwa hapa na mzee mmoja rafiki yangu, mfugaji wa siku nyingi. Aliniambia: "Bwana wee, wangu yuko peke yake mwaka wa saba huu, na hajafa." Nilimjibu kwa heshima, maana amenizidi umri, kwamba hata mfungwa wa miaka saba hajafa. Alicheka, lakini hakuniongezea neno. Lochi hawa wanaweza kuishi miaka 10 na zaidi. Urefu huo wa maisha ndio unaowapa wauzaji ushahidi wao: kinyonge hiki hakifi, kwa hiyo kimeridhika. Kutokufa si kuridhika.

Kuhusu makao yao, mengi yanayohitajika tunayo uani, na hili ndilo linalonifanya nisiwasamehe wafugaji wa Pwani kwa urahisi. Lochi wa kuhli anatoka katika vijito vya msituni vyenye maji laini, rangi ya chai, sakafu ya mchanga na majani yaliyooza. Maji ya visima vyetu, yaliyopita katika mawe ya matumbawe, ni magumu, na mengine yana chumvi unayoionja. Lakini masika tunamwagiwa maji laini kutoka mbinguni bure, yanapita juu ya mabati na kwenda baharini. Changanya nusu kwa nusu. Kingeni maji ya pili, si yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na mavi ya ndege. Ukitumia ya bomba, yaweke wazi siku moja au mbili klorini itoke. Kipasha maji huku Pwani si lazima. Joto la nyuzi 24 hadi 28 wanalolihitaji ndilo letu karibu mwaka mzima.

Na majani! Katika nchi za baridi wafugaji hununua majani ya mkungu yaliyokaushwa, yakapakiwa kama biskuti, kwa sababu yanapunguza ukali wa mwanga, yanalainisha mazingira ya maji na kuwapa samaki mahali pa kujificha. Mkungu, huu huu ambao watoto wanaupopoa, ambao majani yake mekundu tunayafagia kila asubuhi na kuyachoma moto mbele ya nyumba. Okota manne yaliyokauka yenyewe, yaoshe, yaache yazame. Maji yatageuka rangi kidogo, na mgeni wako atasema tangi ni chafu. Mwache aseme. Lochi watakuwa chini ya majani hayo kabla mgeni hajamaliza soda yake.

Badala ya hayo tunawawekea nini? Kokoto. Kokoto za rangi ya buluu na waridi, zenye ncha, juu ya sakafu ambayo samaki huyu anaipekua kwa mdomo na sharubu siku zote za uhai wake. Zile sharubu ndizo macho yake ya usiku. Zikisagika kwa kokoto zinapata vidonda, zinaoza, na samaki anakuwa kama kipofu aliyenyang'anywa fimbo. Mchanga laini wa mto, ukioshwa mpaka maji yatoke meupe, ni rahisi kuliko kokoto za rangi. Wa ufukweni usiutumie, umejaa chembe za makombe zinazozidisha ugumu wa maji.

Jambo la dawa nalo limewaua wengi. Magamba ya lochi ni madogo sana, yamezama katika ngozi, na katika kuhli huyaoni kabisa kwa macho. Ugonjwa wa madoa meupe ukiingia tangini, wao huwa wa kwanza kushikwa, na dawa ikimwagwa kwa kipimo cha samaki wengine, wao huwa wa kwanza kufa, hasa ikiwa na shaba. Mwenye tangi husema ugonjwa umewaua. Wafugaji wazoefu hutumia nusu ya kipimo, na huongeza joto taratibu hadi karibu nyuzi 30 huku wakiongeza hewa, kwa sababu kijidudu kile hushambuliwa na dawa pale tu kinapoogelea huru majini, na joto humharakishia kufika hatua hiyo. Muuzaji aliyesema "msafishaji" hakusema neno hata moja juu ya hili. Wala hakusema kwamba lochi ana mwiba chini ya jicho, anaousimamisha akitishwa, unaonasa katika wavu na kumjeruhi anapochomolewa kwa nguvu. Wala kwamba atapenya katika bomba la chujio lisilo na kizuizi. Wala kwamba tangi lisilo na mfuniko atalitoka usiku mmoja na utamkuta sakafuni amekauka kama uzi.

Lipo pia suala la hao wanaoitwa wadogo ambao si wadogo. Kuna lochi mzuri mno, wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeusi, kutoka mito ya Sumatra na Borneo. Anauzwa akiwa na sentimita 5. Nani asimpende? Lakini mtoto huyu akitunzwa vema anafika sentimita 30 na anaishi zaidi ya miaka 20. Nimeona mmoja katika chumba cha kungojea cha ofisi fulani, tangi la lita 60, samaki wa sentimita 15 hivi akizunguka kama simba wa sarakasi, amepinda mgongo. Nilipouliza, karani alijibu kwa fahari kwamba wamemweka kwa ajili ya usafi. Samaki huyo atawazidi umri wa kazi makarani wote wa chumba kile, kama hatauawa kwanza na usafi wao.

Na yuko lochi mdogo kweli, mzuri kuliko wote machoni pangu, asiyezidi sentimita 6, mwenye mchoro wa mnyororo ubavuni, anayeogelea mchana kweupe kwa kundi. Alielezwa mwaka 1959 kutoka Thailand. Leo huko kwao, katika bonde la mto Mae Klong, ni adimu mno. Mabwawa yamebadilisha mito, na uvuvi kwa ajili ya matangi ya watu umechangia. Wanaouzwa sasa kwa kawaida ni wa mashambani, waliozalishwa kwa kudungwa homoni. Nitawauliza hawa wanaosema "ni samaki tu": ikiwa tumeshiriki kumwondoa kiumbe mtoni kwake, hatudaiwi hata kumpa wenzake watano na kiganja cha mchanga?

Sisi wa nchi hizi tunapaswa kulielewa hilo upesi kuliko wengine. Samaki wa Ziwa Tanganyika, wavuliwao Kigoma na kule Burundi na Zambia, wamesafirishwa kwa ndege kwenda matangi ya Ulaya na Marekani kwa miongo mingi. Tukisikia kwamba Mzungu fulani amemtia samaki wetu wa maji magumu ya ziwani katika maji laini ya kwao, tunasema hajui kitu. Kisha sisi tunamchukua lochi wa vijito laini vya Asia, tunamtupia katika tangi hilohilo la samaki wa Tanganyika, wakali, wenye kulinda mawe yao kama wenye viwanja, ili awafagilie. Ujinga ni uleule, umebadilisha pasipoti tu.

Najua jibu litakalokuja, kwa kuwa nimeshalipata uso kwa uso. Watu wana njaa, shule hazina madawati, nawe unaandika kurasa juu ya samaki mwenye urefu wa kidole. Jibu hilo lina uzito, sitalikwepa. Lakini tazama anayelitoa. Mara nyingi ni mtu mwenye tangi. Hakulazimishwa kufuga, hakuna sheria ya nchi inayomtaka kila mwenye sebule awe na samaki. Aliyechagua mwenyewe kumfungia kiumbe katika maji ya kioo, kwa furaha ya macho yake, hana haki ya kuikumbuka njaa ya maskini siku ile tu anapoambiwa anunue mchanga. Asiye na nafasi ya sita, asichukue hata mmoja. Zipo njia za kupamba ukuta zisizokula wala kuogopa. Kuna picha, kuna mikeka ya ukindu, kuna saa kubwa za kichina zinazoimba kila saa.

Na wauzaji nao wasiseme kwamba wanafuata matakwa ya wateja. Mteja hakuingia dukani akiomba msafishaji. Alifundishwa neno hilo palepale kwenye kaunta. Basi afundishwe jingine. Muuzaji anayewauza sita sita, pamoja na mchanga na vipande vya chungu kilichovunjika vya kujifichia, hapati hasara, anauza zaidi. Na mteja akirudi baada ya mwaka, atarudi kununua wengine kwa furaha, si kuuliza kwa nini yule mmoja ametoweka.

Kwa yule ambaye tayari anaye mmoja, aliyeuziwa kama fagio, naona njia mbili. Ya kwanza ni kumwongezea watano wa aina yake, baada ya kuwatenga wageni wiki tatu hivi ili wasilete ugonjwa. Ya pili ni kumpeleka kwa mwenye kundi. Asimtupe mtoni wala mtaroni, hata kwa huruma; mito yetu ina wenyewe. Wangu mimi wako 9, tangi ni la lita 160, na nafasi ya wawili watatu ipo. Nipo nyumbani kila siku baada ya saa kumi jioni. Aje naye katika ndoo yenye mfuniko, na asitumie wavu.